Liemba Yangu ya Kibarazani

Kuku wetu mwekundu alianza kutagia ndani ya taa ya mbele ya pikipiki yangu. Si juu ya taa, ndani. Kioo nilikuwa nimekitoa nikisugue, siku zikapita, bakuli la taa likabaki wazi. Kuku akalikagua, akaona limekaa sawasawa na makalio yake, akahamia. Mama Watoto hakumfukuza. Alisema, "Afadhali humu ndani yupo mmoja anayepata faida na hilo dude."

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Nashona vitenge, sare za shule, na suruali za watu wasiokuja kuzichukua. Miaka ishirini nimekuwa nikifungua cherehani na kuifunga, ndipo nikajidanganya kwamba mashine ni mashine. Cherehani ina sindano inayopanda na kushuka, pikipiki ina pistoni inayopanda na kushuka, tofauti iko wapi? Tofauti nimeijua baadaye: cherehani haijawahi kunirudishia kiki kwenye ugoko nikaona nyota saa sita mchana.

Niliinunua Ujiji kwa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu. Honda CG125, kibao cha namba bado kile cha zamani kinachoanza na TZ. Ilikuwa chini ya mchikichi, imeegemea shina kama mlevi, usukani umeanikwa nguo za wajukuu. Mzee akaipiga tenki kwa kofi la upendo, vumbi la kutu likamwagika, akasema, "Mwanangu, hii ni nzima. Imelala tu." Nikatoa hela bila hata kuuliza imelala tangu lini. Tuliipandisha kwenye mkokoteni, na njia nzima watoto walitufuata wakidhani tumebeba mgonjwa.

Mama Watoto anauza mawese. Pembe ya kibaraza ndipo anapopanga madumu yake. Aliponiona nashusha lile dude palepale, aliniuliza swali moja: "Baba, hii inakaa kwa muda gani?" Nikajibu, "Wiki mbili."

Sasa mtu wa Kigoma akibanwa kuhusu chuma cha zamani, jibu lake ni moja: Liemba. Nikamwambia, wewe mtoto wa hapahapa, meli ya Liemba huijui? Wajerumani waliileta vipande vipande kwenye masanduku, ikaja kwa treni, ikaungwa hapa Kigoma, ikaingia ziwani 1915. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe kule karibu na Malagarasi ili Waingereza wasiipate. Waingereza wakaja kuiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari. Chuma kimekaa ndani ya maji miaka minane na kimefufuka! Itakuwa pikipiki iliyokaa kivulini?

Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Kisha akasema, "Babu alitusimulia hiyo. Lakini wale Wajerumani kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi kila mahali, makusudi. Hiyo yako ilipakwa nini? Kinyesi cha kuku."

Sikuwa na jibu. Nikachukua bisibisi.

Na bisibisi ndiyo iliyonianzishia balaa. Kifuniko cha pembeni ya injini kimeshikwa na skrubu za nyota. Nami nina bisibisi ya nyota, mpya, naitia, nasukuma, nazungusha, krrrk. Inateleza. Nasukuma kwa kifua, krrrk. Skrubu ya kwanza ikabaki na tundu la duara kama kitovu. Ya pili hivyohivyo. Nilipofika ya tano akapita mzee mmoja aliyewahi kutengeneza pikipiki za misheni enzi hizo, akaniangalia kwa huruma mnayomwangalia nayo mtu anayekula ugali kwa uma. "Hiyo siyo nyota yake," akasema. Kumbe Wajapani walikuwa na msalaba wao, unaitwa JIS, kichwa mara nyingi kina kitone kidogo pembeni. Bisibisi ya kawaida ncha yake ni ndefu, haikai mpaka chini, inaelea na kutafuna kichwa. Akaichukua yangu, akaisugua ncha kwenye jiwe la kunolea kisu, kidogo tu, akaitia kwenye skrubu ya sita, akaigonga kitako kwa nyundo mara mbili, ikafunguka kama mfuniko wa soda. Zile tano tulizitoa kwa patasi, siku mbili, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mkwe wangu anasoma.

Ndani, pistoni imeng'ang'ania silinda. Haipandi, haishuki. Hapo ndipo utajua mji una mafundi wangapi. Mmoja anasema mimina dizeli, mwingine anasema mafuta ya breki, muuza duka wa pembeni akasema hakuna kinacholainisha duniani kama mawese, tena yapashwe moto. Mama Watoto akatoa kichwa dirishani: "Tone moja la mawese yangu likiingia humo, na wewe utaingia humo." Nikamimina dizeli na oili kupitia tundu la plagi, nikaacha. Kila asubuhi naweka kipande cha mbao, nagonga kidogo kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake. Wiki ya tatu ikasogea unene wa ukucha. Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

Tenki sasa. Ndani kulikuwa na kutu ya kutosha kupaka rangi nyumba. Nikaambiwa dawa yake ni siki. Siki ya kujaza tenki unaijua bei? Nikatumia malimao, kiroba kizima, na konzi ya nati chakavu, tukatikisa kwa zamu mimi na wanangu jioni tatu mfululizo. Kutu ilitoka kweli. Kwa bahati mbaya, sehemu nyingine kutu ndiyo iliyokuwa tenki. Zikatokea tundu mbili chini. Mpaka nilipompata mtu wa kuziziba kwa risasi nilikuwa nazisugua kipande cha sabuni ya kufulia, na msinicheke, sabuni inazuia petroli. Isipokuwa nyumba nzima ilinuka malimao, petroli na sabuni, mgeni akiingia anadhani tumefungua saluni.

Kwenye kabureta nilikosa kwa kiburi cha kazi yangu. Kuna kijeti kidogo humo, tundu lake ni jembamba kama unywele, ndilo linalolisha injini ikiwa inaunguruma taratibu. Limeziba. Sasa mimi ni fundi cherehani, vitundu vidogo ndiyo kula yangu. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote, nikazibua. Likazibuka, na likapanuka. Kuanzia hapo injini ikawa inapewa petroli kama mtoto wa mwisho anavyopewa uji, plagi inatoka nyeusi tii, imelowa. Yule mzee wa misheni hakunigombeza, aliuliza tu, "Ulitumia chuma?" Alipoondoka alinipa kipande cha uzi wa kuvulia samaki. Ule wa nailoni unaingia, unasukuma uchafu, haukwangui. Mji mzima wa wavuvi, na mimi nikachukua sindano.

Kijeti kingine nilikipata kwa vijana wa bodaboda. Na hapa kuna jambo lililonipa moyo. Hii CG ilitoka 1976, na Honda waliiunda hivi ilivyo baada ya kuona wateja wa nchi kama zetu wananunua pikipiki, wanaipakia mizigo, na habari ya kubadilisha oili hawaitaki kuisikia. Basi wakaweka injini ya fito za kusukuma vali, ngumu, isiyodeka, na cheni wakaifunika bati zima isile mchanga. Kwa maneno mengine, uzembe wetu ndio uliochora hii mashine. Wachina nao wakaiiga injini yenyewe, na pikipiki zao nyingi zinazobeba abiria humu mjini ni wajukuu zake. Kwa hiyo spea za mjukuu nyingi zinamwingia babu. Nilimweleza Mama Watoto haya yote kwa furaha. Akasema, "Basi ungenunua mjukuu."

Nyaya zilinishinda, nikamwita kijana wa kijiweni. Kijana ana mkono mwepesi na redio kubwa. Akaona waya mweusi, akasema huu ni wa chini, akaubana kwenye chesisi. Ndugu zangu, kwenye Honda wa chini ni wa kijani. Mweusi ndio unaotoka kwenye swichi umebeba moto. Alipofungua swichi tuliona moshi mwembamba unapanda polepole, mweupe, mzuri hata kuutazama, na kuku akatoka ndani ya taa bila kuaga. Fyuzi haikukatika kwa sababu haikuwepo: bwana shamba alikuwa ameweka karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikanunua waya mita kumi nikaanza upya, mwenyewe, usiku, na tochi mdomoni.

Kuhusu Wabelgiji ningenyamaza ningekuwa na amani mpaka leo. Ilikuwa baada ya jaribio la kwanza. Iliwaka, ikatoa mlio mmoja kama mtu aliyekatizwa chafya, ikazima, haikuwaka tena siku tatu. Nikasema, kujitetea, kwamba hata Liemba walianza Wabelgiji kuiopoa, ikazama tena, ndipo wakaja Waingereza. Mama Watoto akaacha kumenya mihogo. "Kumbe wewe ni Mbelgiji!" Tangu siku hiyo mtaa mzima ni Mbelgiji shikamoo, Mbelgiji za leo, Mbelgiji suruali yangu tayari?

Kitu kimoja nilikifanya vizuri mno, nacho ni siti. Ngozi bandia nyeusi, mishono miwili sambamba, ukingo mwekundu. Vijana wa boda walikuwa wanakuja kuishika. Siti ilikamilika mwezi wa pili. Injini, mwaka wa tatu. Katikati hapo nilikuwa namiliki kiti ghali kuliko vyote Kigoma.

Hatimaye nikabaki na zile platini za kutolea cheche. Kitabu kinataka ziachane milimita 0.3 mpaka 0.4. Kipimo sina, lakini mimi fundi nguo nina nyembe, na wembe mmoja ni kama milimita 0.1. Nikapanga nyembe tatu, nikapachika, nikakaza. Nikapiga kiki. Ya kwanza kimya. Ya pili ikanirudishia kwenye ugoko, nikaruka mguu mmoja uwanja mzima. Ya tatu, ndugu zangu, dududududu! Taratibu, inapumua, haitaki hata kuguswa. Watoto wanapiga makofi. Nikasimama pale natokwa na machozi, nikasingizia moshi.

Jumapili nikavaa shati nililojishonea, nikamwambia Mama Watoto panda, twende Ujiji tukamwonyeshe yule mzee. Aliikagua siti, akaipangusa ijapokuwa ilikuwa safi, akapanda upande. Hata kanga alibadilisha. Tenki nimelipaka rangi nyekundu, na mfuniko wake pia, nimeupaka vizuri, mikono mitatu, unang'aa kama embe. Tunapita mjini watu wanageuka. Wazee wanatabasamu, maana ule mlio wanaufahamu. Nikasikia mkono wa Mama Watoto kiunoni, umeshika vizuri, haujashika hivyo siku nyingi.

Hatujafika nusu ya njia, ikaanza kukohoa. Ikaishiwa pumzi. Ikazima. Kiki, kiki, kiki, wapi. Petroli imo, nimetikisa inacheza. Jua la saa nane.

Akasimama kijana wa bodaboda. "Shikamoo mzee. Hii injini si kama yangu?"

"Marahaba. Hii ni babu yake."

"Basi mwache babu apumzike. Mama, twende?"

Mama Watoto alishuka kwenye siti ya mishono miwili, akapanda ya yule kijana, iliyochanika sponji nje. Akaniangalia kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. "Baba," akasema, "ipake grisi uizamishe. Waingereza watakuja kuiopoa."

Wakaondoka.

Nilikaa kando ya barabara muda mrefu. Nilifungua plagi, cheche ipo. Nikaona nichungulie tenki. Nilipozungusha ule mfuniko, tenki likavuta hewa: fyuuuu! Kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Nikaukazia macho. Katikati ya mfuniko kuna kitundu kidogo cha kuingizia hewa, ili petroli iweze kushuka. Nami nilikuwa nimekipaka rangi. Mikono mitatu.

Sindano ninayo kwenye kola ya shati siku zote. Nikakitoboa. Kiki moja, ikawaka.

Ujiji sikwenda tena. Nilirudi Mwanga mwendo wa harusi, napiga honi, nikitaka asikie tangu ninakata kona. Nikaingia uwanjani, nikaiacha inaunguruma makusudi. Hakuna aliyetoka. Pale pembeni ya kibaraza, nilipotaka kuiegesha, palikuwa pamefagiwa na kumwagiwa maji, na madumu tisa ya mawese yamepangwa mstari hadi ukutani, na juu ya dumu la mwisho amelala yule kuku mwekundu.