Kamera isiyovuta mbali ndiyo kamera ya Lamu

Anayetaka kupiga picha Lamu na aiache lenzi ndefu nyumbani. Najua wapo watakaonuna, maana siku hizi ukishuka gatini utawakuta wamejipanga na malenzi marefu mfano wa mizinga, wanawavuta kina mama wenye mabuibui kutoka mbali, bila hodi wala salamu. Mimi tangu ujana nimeshikamana na kamera za renjifainda, na sababu yangu kubwa ni kwamba hazijui kuvuta. Kawaida huishia lenzi ya milimita 135 (namba ikikua, lenzi huvuta zaidi), na hata hiyo ni tabu kuitumia. Raha yake ni 35 na 50. Ukiutaka uso wa mtu, lazima umfikie, na ukishamfikia huna budi kumsalimu.

Kwa asiyezijua: kwenye renjifainda huoni kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kilicho kando, na katikati yake kuna kiraka chenye taswira ya pili inayoletwa na kijidirisha kingine. Kule Matondoni, kwa fundi anayetia jahazi kalafati, kwanza naona nyundo mbili. Nazungusha lenzi taratibu, nyundo zinasogeleana, zinapandana, inabaki moja. Nabonyeza. Ndani hamna kioo cha kuruka, kama kilichomo kwenye kamera unazoona kupitia lenzi, kwa hiyo mlio wake ni mdogo mno. Mzee mmoja pale aliniuliza, "Mwanangu, mbona hupigi?" Nilikuwa nimeshapiga.

Tena kidirisha kile, ukiwa na lenzi ya 50, kinakuonyesha na yaliyo nje ya mistari inayoonyesha mipaka ya picha. Kwenye vichochoro vya Langoni, ambako watu wawili hupishana kwa ubavu, namwona punda na mzigo wake wa matofali kabla hajaingia kwenye picha. Namngoja. (Na najibanza ukutani, maana punda wa Lamu hampishi mtu.)

Leica II na Contax, zote za mwaka 1932, ni miongoni mwa kamera za mwanzo kukiunganisha na lenzi kile kifaa cha kupimia umbali, yaani renjifainda yenyewe. Ikaja Leica M3 mwaka 1954, ambayo kwa macho yangu kidirisha chake hakijapata mpinzani. Nikon F ilipotoka mwaka 1959, waandishi wa habari wengi wakahamia kwenye kamera kama hiyo, zile za kioo cha kuruka, lakini renjifainda haikufa. Mwaka 2004 Epson wakatoa R-D1, ya kwanza ya dijitali, na bado ina kiwiko cha kuvuta kwa kidole gumba kana kwamba ndani mna mkanda. Kituko, lakini naipenda. Leica M11 ya mwaka 2022 ina pikseli milioni 60, na ilipotoka bei yake ilikuwa karibu dola 9,000. Nimeishika ya mgeni mmoja Shela, nikairudisha haraka kabla moyo haujazoea. Kwa pesa hizo, hapa kwetu mtu anatafuta boti.

Anayeanza achukue Canonet QL17 ya zamani. Betri ikifa inakosa kipimo cha mwanga tu, kupiga inapiga. Pazia lake, lile linalofunguka kupitisha mwanga unapopiga, ni la chuma, na hilo kwa jua letu si jambo dogo: Leica za zamani zina pazia la kitambaa, na kwa kuwa hamna kioo cha kulikinga, ukiiacha lenzi wazi ikilitazama jua, pazia linatoboka. Kifuniko kwanza. Kuvu nao hupenda lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi miezi ya mvua.

Wapo wanaoisifu renjifainda kwamba haina kelele, kwa hiyo inafaa kuibia picha. Hao nawapinga. Mji wenyewe huu mdogo: ukimpiga mtu picha ya wizi Mkomani, hujafika Mkunguni wenye baraza zao wameshaambiwa, nao watakuuliza wewe ni wa nani.