Chakula kipya: anayefaidika na anayebebeshwa shaka

Watafiti wengi hulalamika kwamba mlaji huikataa teknolojia mpya ya chakula kwa kuwa haielewi. Nadhani wanamwonea. Anachouliza ni swali la mtu mwenye akili: mimi napata nini, na likitokea la kutokea nitamlilia nani?

Mwaka 1996 maduka makubwa ya Uingereza yalianza kuuza makopo ya rojo la nyanya zilizobadilishwa vinasaba. Lebo ilisema hivyo waziwazi, na bei ilikuwa chini kuliko ya rojo la kawaida. Watu walinunua kwa wingi. Baadaye ikaingia soya ya Marekani iliyobadilishwa vinasaba, imechanganywa na ya kawaida, mnunuzi asijue ipi ni ipi. Mjadala wa usalama ulipopamba moto mwaka 1998, imani ikaporomoka, na mwaka uliofuata hata lile kopo lisiloficha kitu likaondolewa madukani.

Soya ile ilikuwa na faida, ila kwa mkulima: ilistahimili dawa ya magugu, palizi ikawa nyepesi. Mlaji hakuonjeshwa chochote kipya, akabebeshwa shaka tu.

Mzalishaji naye ana hofu zake, na ni za kweli. Homoni ya kuongeza maziwa ya ng'ombe iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Maziwa yaliongezeka, lakini maelezo ya dawa yenyewe yalionya juu ya ugonjwa wa kiwele, na mwaka 1999 Kanada iliikataa kwa ajili ya afya ya ng'ombe. Huko huko Marekani wanunuzi waliikwepa, na viwanda vingi vya maziwa vikawataka wafugaji waiache. Lita za ziada zina faida gani kama hazipokelewi?

Hata hivyo, kukataa nako kuna gharama, na wapinzani huipita haraka mno. Jiji la Chicago, Marekani, lilipoanza mwaka 1908 kudai maziwa yapashwe moto kuua vijidudu, wapo waliosema yataharibika. Wakati huo maziwa mabichi yalikuwa yakiambukiza watoto kifua kikuu. Wanaopinga lebo nao wana hoja: tangu 1980 wataalamu wa kimataifa wamekubali kuhifadhi chakula kwa mionzi ya kiwango kilichowekwa, lakini neno mionzi kwenye pakiti linatosha kumfukuza mnunuzi. Naikubali hoja hiyo, ila dawa yake si kuficha. Soya imeshatuonyesha kuficha kunaishia wapi.

Japani mwaka 2021, kampuni iliyohariri vinasaba vya nyanya ili ziwe na GABA nyingi, kemikali inayohusishwa na kushuka kwa shinikizo la damu, iligawa miche bure kwa familia zilizoomba, kabla ya kuuza matunda. Kweli, walioomba tayari walikuwa na hamu nayo, kwa hiyo si kipimo cha umma mzima. Lakini faida ilielekezwa kwa mlaji, na aliyeupokea mche alijua anapanda nini.