Mkandaji Mwenzangu

Nilikuwa katika juma la tatu la kujifunza tiba ya Kichina ya kukanda mwili, kwenye chumba cha wanawake ghorofani huku Mji wa Kale, Mombasa, mwalimu wangu aliponiachia mteja wa kwanza nimpokee peke yangu. Kumpokea mteja katika tiba hii si kumvua viatu na kumlaza tu. Ipo fomu ya kurasa mbili, ambayo msingi wake ni yale maswali kumi yaliyopangwa na tabibu Zhang Jingyue wa enzi ya Ming: baridi na joto, jasho, kichwa na mwili, choo, chakula, kifua, masikio, kiu, na kadhalika. Baada ya hapo mteja hutoa ulimi ukatazamwa, kisha hushikwa mapigo ya damu kwenye vifundo vyote viwili vya mikono, kila kimoja mahali patatu.

Mteja mwenyewe alikuwa bibi mtu mzima aliyeshuka kwenye tuktuk akilalamikia bega la kulia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi na kalamu yangu.

"Bibi, kazi yako ni ipi?"

"Kukanda," akajibu.

Mkono ulisita juu ya karatasi. Mji huu una akina mama waliokanda waja wazito na wazazi tangu kabla sijazaliwa, nami nikasadiki kwamba mmoja wao amekuja kunipima.

"Kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili. Mikono hii yajulikana hadi Marikiti."

Tangu hapo sikuwa nikimpokea mteja tena. Nilikuwa nafanya mtihani. Nilipomuuliza kuhusu usingizi, alisema huamka saa tisa kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe, nami nikaandika tarakimu 9 upesi upesi. Kuhusu chakula akasema anakula vizuri, alhamdulillahi, nikatia alama. Alipotoa ulimi nilishtuka, kwa maana ulikuwa mwekundu kupita wekundu wote nilioonyeshwa darasani, na daftari langu lilisema kwamba ulimi mwekundu ni dalili ya joto la ndani.

Ukutani palikuwa na chati ya njia kuu 12 za nguvu ya uhai, kila njia imepewa saa mbili za kutawala katika siku nzima. Chati hiyo ilifuata saa za kizungu. Nilitafuta 9 ya usiku nikakuta ni zamu ya Sanjiao, ambayo mimi kwa ubingwa wangu nilikuwa nimeitafsiri Mafiga Matatu, kiungo cha ajabu ambacho vitabu vya kale vyenyewe vinakiri kwamba kina jina lakini hakina umbo. Njia yake huanzia kwenye kidole cha pete, hupanda nyuma ya mkono, hupita begani, huzunguka sikio na kuishia kwenye ncha ya nyusi. Inapita begani! Karibu nipige vigelegele.

"Bibi," nikamwambia kwa sauti ya kitabibu, "mafiga yako matatu yamewaka moto kupita kiasi."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mafiga niliyaacha kitambo. Siku hizi napikia gesi."

Nikadhani ni mzaha wa watu wa fani moja, nikacheka, nikashika kidole chake cha pete na kuanza kubonyeza kupanda juu, huku nikimweleza njia inavyokwenda ili ajue kwamba hata sisi tumesoma. Alivumilia mpaka kwenye kiwiko.

"Wanibonyeza kama mtu anayechagua maembe sokoni," akasema.

Mwalimu aliingia wakati huo, akaisoma fomu akiwa amesimama, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa maneno mawili tu.

"Bibi, wakanda nini?"

"Unga. Wa mahamri. Saa tisa ya usiku niko kwenye sinia, ama hautaumuka kabla ya alfajiri."

Mwalimu akaangalia tarakimu 9, akaangalia chati, akaniangalia mimi. Saa tisa yetu ya usiku ni 3 ya chati, nayo ni zamu ya mapafu. Lakini mapafu ya bibi hayakuwa na kosa lolote, yaliamshwa na saa ya kengele. Kuhusu ulimi, bibi alifungua mkoba akatoa pakiti ya mabuyu aliyokuwa akiyamumunya tangu alipopanda tuktuk. Onyo la kwamba chakula huweza kuutia ulimi rangi limo katika daftari langu, na nilikuwa nimelipigia mstari.

Mwalimu alilikanda lile bega lililochoshwa na unga, bila nadharia yoyote, kwa muda wa nusu saa. Bibi alipoinuka alinishika mkono, akaulaza juu ya meza. "Kiganja, mwanangu, si ncha za vidole. Na uzito utoke kiunoni." Mwalimu alitikisa kichwa kumkubalia, jambo lililoniudhi, kwa sababu yeye ameniambia hayo hayo mara nne.

Aliniachia mabuyu yaliyobaki. Alasiri, nilipokuwa nikiisahihisha fomu, mwalimu alipita mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Hebu toa ulimi."