Sikuruka dirisha

Wadau, kabla hamjaendelea kuiamini ile sauti aliyoirusha saidia fundi wangu kwenye kundi la mafundi wa Keko: sikuruka dirisha. Nilitoka mlangoni kama mtu mwenye heshima zake. Viatu ndivyo vilivyobaki.

Kile kitanda cha mninga, tano kwa sita, nilichokuwa nawatambia hapa, mnakikumbuka. Mama mwenye mali alitaka ubao wa kichwani uwe na droo ya siri ya dhahabu zake. "Na mume wangu asijue, fundi." Nikamwambia, mama, kwangu umezika. Si mabibi wa pwani walikuwa na makasha yao ya Kizanzibari, yaliyopigwa njumu za shaba, ndani mna vijidroo huvioni mpaka uonyeshwe? Nikaona zamu yangu imefika. Komeo nikalifanya msumari unaodondokea kwenye tundu. Ukipitisha sumaku kwa juu, msumari unapanda, springi inasukuma, droo inatoka. Ubao wa juu nikauchonga ukabaki milimita 5 ili sumaku ipenye, na sumaku yenyewe nimeing'oa kwenye spika mbovu. Msinicheke, nilikuwa najiona mhandisi.

Siku ya vanishi akaja mume. Akakizunguka kitanda, akakisifia, akanivuta pembeni kwenye maranda.

"Fundi, huwezi kunifichia kadroo hapa miguuni? Mama watoto asijue."

Sasa mlitaka nimjibuje? Niseme siwezi, wakati naweza? Hela ni hela. Nikachonga. Sumaku ilikuwa moja, nikaipiga nyundo, kipande cha mama, kipande cha baba. Bahasha yake akanipa palepale niitie ndani kabisa, ifike nyumbani kimyakimya.

(Mlioshaona tunakoelekea, tulieni.)

Tukakipakia kwenye kirikuu, tukakifunga chumbani kwao, chaga zikakaa, godoro likapanda. Mama akamtuma mumewe soda za mafundi. Mume katoka tu, dhahabu zikaingia kichwani, sumaku akaifunga kwenye pindo la khanga, akanikonyeza. Mume karudi na soda, naye akanikonyeza. Nikakonyeza huku, nikakonyeza kule, mpaka jicho likachoka.

Ningeondoka hapo, leo ningekuwa na salio langu. Lakini soda ilikuwa ya baridi.

Mama kaona vumbi kwenye ubao wa miguuni. Akakamata khanga kwa pindo. Fundo naliona, limejaa kama ndimu. Linapita juu ya mninga, taratibu, kutoka kushoto. Nataka kusema "mama, acha, nitafuta mimi," mdomo umejaa soda. Nikimeza, nimechelewa. Nikitema, natema kwenye godoro jipya. Fundo likafika katikati. Nikausikia msumari unapanda. Sauti ile tunaijua watu wachache sana, na mmojawao alikuwa amesimama mlangoni, kifungulia soda kimemgandia mkononi.

Tk.

Droo ikatoka. Laini, haikukwama popote. Wallahi hata katika hali ile roho yangu ilisema: kazi nzuri.

Mama akaitazama droo. Akalitazama fundo. Akafungua bahasha, akatoa karatasi ya serikali ya mtaa ya kuuziana kiwanja, Chanika huko, akaisoma kwa sauti mpaka majina ya mashahidi. Shahidi wa pili ni wifi yake.

"Si ulisema mshahara haujatoka?"

Mume akaona afe na mtu. "Na wewe, hiyo sumaku ya nini?" Akatoa ya kwake mfukoni, akaanza kuipitisha kitanda kizima, ubao kwa ubao. Mimi nautazama mlango. Alipofika kichwani, tk. Bangili, hereni, na mkufu ambao, kumbe, miaka yote hiyo uliibiwa kwenye daladala.

Wakatazamana. Halafu wakageuka wote wawili, kwa pamoja:

"FUNDI!"

Hapo ndipo habari ya viatu. Dogo alibaki kuokota nyundo na bisibisi, ndiyo maana ana simulizi yake. Eti nilimwaga soda kwenye godoro. Hiyo sibishi.

Salio sijalipwa. Asubuhi mume kanitumia ujumbe: viatu vyako viko hapa, vifuate jioni. Haikupita muda, mama naye katuma: jioni usije. Mwenye viatu namba 42 aniazime, kesho naenda kupima kabati la mtu.