Acheni watu wapime, futi haiharibu vita vya mezani

Jamani tuongee hili la kupima maana kila tukikaa kucheza vita vya visanamu mezani huku Mtwara lazima lizuke, mtu anavuta futi aone kama bunduki zake zinafika, mwenzie anamrukia, "Kaka hapana, taja kwanza unampiga nani ndo upime", basi gemu inasimama watu wanabishana mpaka hamu inaisha. Mi msimamo wangu ni huu na nautetea popote: pima chochote, muda wowote, kabla ya kutaja shabaha na baada.

Kwa ambao hawajawahi kuona, meza haina vyumba kama bao au drafti. Kuna visanamu vya askari vya mm 28, vichaka vya sponji, dadu, na umbali wote unatoka kwenye futi: askari anatembea inchi 6, bunduki inafika inchi 24, sheria nyingi ziko hapo hapo. Sasa zipo sheria za zamani zilizokataza kupima kabla, ukitaja shabaha halafu ikaonekana haifiki basi risasi zimepotea. Hata Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa visanamu, ilikuwa hivyo mpaka toleo la sita mwaka 2012 ndo wakaruhusu kupima muda wowote.

Wanaokataza hoja yao kubwa ni kwamba kamanda vitani hana futi, anakisia kwa macho. Inasikika vizuri. Ila angalia meza ilivyo kweli: mchezaji mzoefu anaweka kiganja pembeni ya kichaka kama anajiegemeza tu, shibiri yake anaijua ni inchi 8 na nusu, anahesabu shibiri tatu kimoyomoyo, kashapima huyo. Mwingine anaangalia vigae vya sakafuni chini ya meza, mwingine anakumbuka raundi iliyopita askari wake alitembea wapi anajumlisha. Kwa hiyo kupima kunafanyika kila siku, tofauti ni kwamba anapima yule mkongwe, ila yule mgeni aliyekuja mara ya kwanza na dogo wake ndo anayekosa, halafu tunashangaa kwa nini wageni hawarudi.

Na hizo inchi 24 zenyewe tusizichukulie kama ukweli wa vita. Kisanamu cha mm 28 ni kama mtu aliyepunguzwa mara 56 hivi, kwa hiyo inchi 24 ni mita kama 34 tu. Bunduki ya Lee-Enfield waliyobeba Waingereza ilikuwa na kipimo cha kulengea kinachopanda mpaka yadi 2,000! Ukitaka kuweka mita 1,000 kwa kipimo cha visanamu vyetu unahitaji karibu mita 18, yaani meza inatoka nje ya nyumba inavuka barabara. Kwa hiyo umbali wa mezani ni makubaliano ya mchezo, na makubaliano yanatakiwa yaonwe na wote wawili.

Sasa njoo kwenye vita vyetu wenyewe, Mahiwa, hapo juu ukitokea Lindi kwenda Ndanda, tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917. Vita Kuu ya Kwanza hiyo, vikosi vya Uingereza, wamo Wanigeria na KAR (King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki), dhidi ya kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck na askari wake. Wanigeria wakajikuta wamezungukwa, na mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka Ruvuma. Anayelijua pori la kule atakuelewa haraka, tatizo la mtu mle porini halikuwa kujua kama adui yuko mita 200 au 250, tatizo lilikuwa yuko wapi kabisa, ni wangapi, na bombomu yao, yaani bunduki ya rashasha, imefichwa kichaka gani. Askari wa Mjerumani mwanzoni mwa vita wengi walikuwa na zile bunduki za Mauser za 1871 zenye baruti ya moshi, ukipiga moja tu moshi unakutaja ulipo, na hilo ndo jambo zito la kuingiza mezani kuliko kubahatisha inchi mbili.

Na hili halijaanza leo. Mchezo wa vita wa Kriegsspiel, wa kufundishia maofisa, aliouleta ofisa Reisswitz huko Prussia (Ujerumani ya zamani) mwaka 1824 ulichezwa juu ya ramani ya 1:8,000, vipimo vilikuwepo, na refa ndo aliyekuwa anaficha: unaonyeshwa vile tu ambavyo vikosi vyako vingeviona. Yaani wale maofisa walificha adui, hawakuficha rula.

Nakubali sehemu moja tu, bahari. Mizinga ya meli enzi hizo kukisia umbali ndo kazi yenyewe. Pale Rufiji Julai 1915 meli za Waingereza Severn na Mersey ziliishambulia meli ya Wajerumani Königsberg iliyojificha ndani ya mto, mara ya kwanza tarehe 6 wakashindwa kuimaliza, wakarudi tarehe 11 na ndege juu inawaambia makombora yanaangukia wapi, wakarekebisha mpaka wakaipata. Gemu ya meli ikikwambia kisia inchi, halafu uone kosa, halafu urekebishe, hiyo naipenda sana, maana kukisia kule kuna kazi na unajifunza kila ukipiga. Bunduki ya mtu mmoja kichakani sio hivyo.

Ila uhuru wa kupima uende na kupima vizuri, hapa sina mchezo. Sisi visanamu vyetu tumevigundisha juu ya vizibo vya soda, upana mm 32, vyote sawa. Ukitembeza, pima ukingo wa mbele mpaka ukingo wa mbele. Mtu akianzia mbele ya kizibo halafu akakiweka chote ng'ambo ya alama keshajipa mm 32 za bure, na kwa raundi sita hiyo ni zaidi ya inchi 7, yaani kapata mwendo mzima wa ziada na hajui. Futi kamba ya fundi cherehani ikichakaa inavutika, achana nayo. Ile ya chuma nayo inaangusha visanamu, ndo maana napendelea vijiti vya mwanzi vilivyokatwa inchi 6 na 12, vinapita katikati ya vichaka bila kugusa kitu.

Kwa hiyo Mahiwa tutakayoicheza korosho zikishauzwa napendekeza hivi: kupima ruksa wakati wote, vikosi vyote vianze kama karata zilizolazwa kifudifudi na baadhi ziwe tupu, karata ikifunuliwa adui akifika inchi 8 kwenye kichaka au inchi 16 pakiwa wazi, na anayepiga kwa Mauser ya moshi anafunuliwa hapo hapo hata akiwa mwisho wa meza. Bombomu nayo ibaki imelala mpaka mwenyewe aamue kufyatua.