Chuma peke yake hakizuii maji
Mwandishi mmoja anasema mwili wa chuma wa kamera ya Leica M11 unatosha kuikinga na mvua. Hapana, sikubaliani naye. Chuma huhimili kugongwa. Maji hupenya kwenye vitufe na maungio. Kamera hiyo ya 2022 haina daraja rasmi la IP (kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji), ilhali Leica Q2 ya 2019, ambayo lenzi yake haibanduki, ina IP52. Tena pale lenzi inapofungwa ndipo penye kazi: mfumo wa M, yaani kamera za Leica za kubadilishwa lenzi kama M11, ni wa tangu 1954, na lenzi zake hazina mpira wa kuziba pale. Wapiga picha za habari hawachagui hali ya hewa. Kwa kamera ya bei kubwa kama hii, mnunuzi aelezwe waziwazi, kabla hajalipa, inastahimili maji kiasi gani.