Shangazi Hakuona Mgongo Wake

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye kwa heshima ya urafiki uliobaki sitamtaja, amekwisha kusambaza picha ya khanga ile niliyomwandikia Shangazi katika kila kundi la WhatsApp analolijua, pamoja na maelezo kwamba mimi, mtu ninayekula kwa kuchora herufi, sijui tofauti ya K na H, nalazimika kueleza jambo lilivyokuwa kabla picha haijawafikia wateja wangu. Tofauti naijua. Kisichoijua ni kitambaa.

Mnaonifuatilia mnafahamu kwamba nimekuwa nikibuni herufi za majaribio zisizo na mviringo wala mshazari, za mistari ya wima na ya mlalo tu. Wazo si langu. Mwaka 1967 mbunifu Mholanzi Wim Crouwel alitoa New Alphabet, herufi alizozijenga kwa mistari iliyonyooka ili ziendane na mashine za kupangia herufi za wakati ule, ambazo mviringo ulikuwa ukizishinda, na baadhi ya herufi hizo hazisomeki mpaka uambiwe ni zipi. Zilipotumika kwenye jalada la albamu ya Joy Division, bendi ya Uingereza, mwaka 1988, jina la albamu, Substance, lilisomeka Subst1mce, na dunia ikasema hiyo ndiyo sanaa. Mbunifu Mmarekani David Carson naye, mwaka 1994, aliyaona mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry yanachosha, akayapanga katika jarida la Ray Gun kwa fonti ya Zapf Dingbats, ambayo badala ya herufi ina nyota, mishale na vimchoro, naye akazidi kupata jina. Tofauti kati yao na mimi ni ndogo: wao hawakuwa wakimfanyia kazi Shangazi.

Shangazi alitaka sare ya khanga kwa ajili ya kumpokea mkwewe, doti arobaini, na jina la khanga alikuwa nalo tayari: KARIBU BI HARUSI NYUMBA NI YAKO. Mtu mwenye akili timamu angeliweka chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, ndani ya kile kisanduku chake, kwa herufi kubwa za kawaida, kama khanga zinavyoandikwa siku zote. Khanga za K.H.E. Mali ya Abdulla kutoka Mombasa zimebeba K na H bega kwa bega miaka nenda miaka rudi, wala sijasikia zimegombanisha koo mbili. Mimi nikaona hapo ndipo pa kufanyia majaribio.

Taabu ya K ni kwamba nusu yake ni mshazari. Ukiugeuza kuwa mistari ya wima na ya mlalo, unabaki na nguzo mbili na mtambaapanya wa kuziunganisha katikati, yaani H kamili. Basi nikaikata ile nguzo ya kulia, nikaacha mwanya wa milimita moja juu ya mtambaapanya na mwingine chini yake, na kwa mianya hiyo miwili nikajiona nimelimaliza tatizo lililomshinda Mholanzi. Kwenye kioo cha kompyuta, nilipoikuza herufi hadi ikajaa, mianya ile ilionekana wazi kama mchana, nami nikaisifia K ile peke yangu, kwa sauti.

Fundi wa kuchapa kwa skrini, pale Kariakoo, alijaribu kwanza kwenye karatasi, na mianya ikatoka safi. Hata hivyo aliitazama kwa muda, akasema, “Kaka, karatasi haina kiu. Pamba ina kiu.” Nilimweleza habari za Crouwel. Alinisikiliza kwa adabu zote, akapokea malipo ya awali, akachapa. Rangi ikanyweka, ikatambaa na nyuzi, mianya ikazibika, na mzigo ukapakiwa kwenye basi la Tanga moja kwa moja kutoka kwa fundi bila mimi kuufungua. Alinitumia picha ya pindo tu, nami sikuuliza mengine, kwa kuwa pindo lilikuwa zuri sana. Nalitetea mpaka sasa.

Hapa naomba twende polepole.

Nilipofika nyumbani kwa Shangazi, akina mama walikwisha kujipanga langoni, wameelekea barabarani, kila mmoja amejifunga khanga moja kiunoni na kujitanda nyingine mabegani. Mtu aliyevaa khanga, ukimtazama kwa mbele, unaona mikunjo na pindo. Jina liko nyuma. Kwa hiyo nilichokiona mimi ni pindo langu likienda ukuta hadi ukuta, na moyo ukajaa. Gari likasimama. Bi harusi akashuka, akifuatiwa na bibi yake mzaa mama, mzee wa makamo ya heshima mwenye miwani inayoning’inia kwa mkufu. Ngoma ikakolea, vigelegele vikapigwa, na Shangazi akainua mkono kutoa ishara waliyoifanyia mazoezi: wote wageuke kwa pamoja, wamtangulie bi harusi kuingia ndani.

Wakageuka.

HARIBU BI HARUSI NYUMBA NI YAHO. Migongo karibu arobaini, mara mbili kwa kila mgongo, mabegani na kiunoni, na ile ya kiunoni inakwenda na mdundo wa ngoma. Kwanza nilidhani ni mkunjo wa kitambaa. Nikahamisha macho kwa mama wa pili, mkunjo ni uleule. Kwa wa tatu sikuhamisha tena. Bibi akavaa miwani yake taratibu, akamshika bi harusi mkono asisogee, akasoma kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kusoma zamani na kwa fimbo: “Ha. Ri. Bu.” Akanyamaza. Akarudia kwa mkupuo mmoja, na mpiga ngoma, ambaye hana kosa lolote katika habari hii, akaacha kupiga. Katika ukimya huo mtoto mmoja akauliza, “Bibi, Yaho ni nani?”

Wenzangu wa herufi, mtaona kwamba mtu mzima hakuisumbukia YAHO hata mmoja. Hakuna neno kama hilo, kwa hiyo kila jicho lililisahihisha lenyewe na kupita. HARIBU ni neno kamili, halina cha kusahihishwa, na lilivyokaa pale mbele lilikuwa limetunga jina la khanga lenye vina na sumu kuliko lile tulilolikusudia.

Shangazi, aliyesikia bila kuelewa, akageuza shingo auone mgongo wake, na khanga ikageuka naye. Akazidi kugeuka, nayo ikazidi, hadi akatimiza duara zima na majirani wa ng’ambo ya barabara wakapata nao nafasi ya kusoma. Ndipo ikajulikana kwamba wapo waliokwisha kulisoma tangu asubuhi walipokabidhiwa, wakanyamaza. Mtaa mzima unajua kwamba Shangazi alikuwa na msichana mwingine aliyemtaka, na khanga ni chombo cha kusemea yasiyosemeka. Kwa hiyo walidhani ameamua. Mmoja alisema wazi kwamba alimwona jasiri.

“Mwanangu,” Shangazi akaniita, kwa upole ambao sitaki kuusikia tena maishani, “njoo unisomee hapa.” Nami, mbele ya koo mbili, mpiga ngoma na dereva wa gari la maharusi, nilifungua kinywa, na kilichotoka, Mungu ni shahidi, ni hiki: “Shangazi, mwaka 1967 huko Uholanzi...”

Yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa. Khanga zilivaliwa ndani nje, wazee wakaombana radhi, pilau ikaliwa, na bi harusi, ambaye mabega yake yalikuwa yakitikisika nikadhani analia, alikuwa anacheka na hajaacha. Salio langu sijalidai. Fundi nilipompigia simu alisema neno moja tu, pamba, akakata. K yangu sasa ina mshazari.

Wakati wa kuondoka, bibi mwenye miwani aliniita pembeni. Nilijitayarisha kwa matusi. Akaniuliza kama imebaki doti ambayo haijavaliwa, akachagua ile ambayo H yake imekolea vizuri, akagoma kulipa bei kamili kwa sababu kazi ina kasoro. Kuna jirani yake, alisema, ambaye ameozesha mwanawe juzi. Akaikunja, akaitia mkobani, kisha akataka kujua kama herufi zangu hizo zinaweza pia kuandika jina la mtu.